Mtumbwi wa zamani, injini kubwa: Mfanyabiashara wa Ziwa Victoria anavyopoteza mtaji kwenye petroli

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta nchini Tanzania. Ifikapo tarehe 14, Mamlaka ya Kudhibiti Sekta ya Kawi na Petroli (EPRA) hufanya hivyo Kenya. Uganda haina bei kikomo. Kila kampuni hupanga yake kulingana na soko. Kwa mfanyabiashara anayenunua dagaa Ukerewe na kuwauza Kisumu, au anayefuata sangara visiwani, tarehe hizo zina uzito sawa na usiku wa giza ambao wavuvi wa dagaa huusubiri.

Sababu inajulikana na kila mtu mwaloni. Mara nyingi mfanyabiashara hasubiri samaki wafike ndipo atoe fedha. Hutanguliza mafuta. Humpa mwenye mtumbwi petroli au fedha ya petroli, kisha hulipwa kwa dagaa, sangara au mabondo chombo kinaporudi. Kwa hiyo mtumbwi ukichoma lita nyingi kuliko ilivyopangwa, hasara haimwishii mwenye mtumbwi. Inapanda kwenye gunia la dagaa, inavuka Sirari au Busia, na inamkuta mama muuza omena ambaye wateja wake hawako tayari kuongeza hata shilingi tano.

Miaka ya karibuni imeonyesha jinsi hali hiyo inavyoweza kubana. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, lita moja ya petroli Uganda ilivuka Sh6,000 za nchi hiyo. Tanzania ililazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi kuanzia Juni mwaka huo. Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na Septemba mwaka huohuo petroli jijini Nairobi ikafika Sh211.64 kwa lita. Bei zilipanda pande zote za ziwa, na hapakuwa na mpaka wa kukimbilia.

Bei haiko mikononi mwa mfanyabiashara. Kilicho mikononi mwake ni idadi ya lita zinazochomwa. Ndiyo maana swali la injini gani ifungwe kwenye mtumbwi wa zamani si la fundi na mwenye chombo peke yao. Ni swali la mtaji. Na jibu linalotolewa zaidi mialoni, kwamba mtumbwi ukichoka uongezewe nguvu za farasi (HP), kwa vyombo vingi vya mbao ndilo linalogharimu zaidi.

Injini nyingi, samaki mbali

Sensa za uvuvi zinazoratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO), lenye makao yake Jinja, zinaeleza mabadiliko makubwa. Mwaka 2000 ziwa zima lilikuwa na injini za kupachika zipatazo 4,000. Kufikia katikati ya muongo uliopita zilikuwa zimezidi 20,000. Katika kipindi kimoja cha maisha ya mvuvi, kazi iliyofanywa kwa kasia na tanga imehamia kwenye petroli.

Sehemu ya mabadiliko hayo inatokana na umbali. Sangara wakubwa wamepungua karibu na mialo, hivyo wavuvi wanalazimika kwenda mbali zaidi. Dagaa, ambao sasa ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani, nao hufuatwa usiku kwa taa hadi kwenye maji marefu. Kila kilomita iliyoongezeka imeongeza mafuta, na wengi wamejibu kwa kununua injini kubwa ili wafike haraka.

Wakati huohuo mitumbwi yenyewe imezeeka. Mbao bora ni ghali na hazipatikani kirahisi, hivyo chombo kinachopaswa kupumzishwa hupigwa kalafati, hupakwa rangi na kurudishwa majini. Matokeo yake ni chombo kizito, kinachovuja kidogo, kikisukumwa na injini iliyoundwa kwa ajili ya boti nyepesi ya faiba. Hapo ndipo petroli inapopotea.

Mtumbwi mzito una mwendo wake

Chombo kinachokata maji kwa tumbo, bila kuinuka na kuteleza juu yake, kina mwendo ambao si rahisi kuuvuka. Mwendo huo unategemea urefu wake majini. Kwa mtumbwi wa futi 28, kikomo hicho ni takriban noti 7, yaani kilomita 13 kwa saa. Ukitaka kuuzidi, chombo huanza kupanda wimbi lake chenyewe. Omo inainuka, tezi inazama, na injini inanguruma huku mwendo ukiongezeka kidogo tu.

Boti nyepesi ya faiba yenye kitako bapa huvuka kikomo hicho na kuteleza. Mtumbwi wa mbao uliobeba nyavu, taa, watu wanne na tani moja ya dagaa hauwezi kufanya hivyo kwa gharama inayoeleweka. Kwa chombo cha aina hiyo, nguvu inayohitajika hupanda haraka sana kuliko mwendo. Kwa kanuni ya jumla, ukipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu inayohitajika hupungua kwa zaidi ya robo. Safari huchukua muda mrefu kidogo, lakini mafuta ya safari nzima hupungua kwa karibu asilimia 20.

Si jambo jipya kwa wataalamu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilichapisha mwaka 2012 mwongozo wa kupunguza mafuta kwenye vyombo vidogo vya uvuvi, na kupunguza mwendo ni miongoni mwa hatua za kwanza zinazosisitizwa humo. Kipimo kinachotumika sana kwa vyombo vizito ni HP 5 au chini yake kwa kila tani ya chombo na mzigo wake. Mtumbwi wenye uzito wa tani tatu ukiwa umepakiwa, kwa hesabu hiyo, unatoshwa na injini ya HP 15. Wengi wa aina hiyo ziwani wamefungwa HP 25 au 40.

Mipigo miwili au minne

Injini zilizozoeleka ziwani ni za mipigo miwili zenye kabureta, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Zimependwa kwa sababu ya msingi: ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na fundi wa kisiwani anaweza kuifungua na kuifunga chini ya mti.

Kasoro yake iko katika namna inavyofanya kazi. Mchanganyiko mpya wa petroli na hewa huingia kwenye silinda wakati moshi wa zamani bado unatoka, hivyo sehemu ya petroli hutoka nje bila kuungua. Kiasi kinachopotea kinaweza kufika robo ya mafuta yote au kuzidi. Mafuta hayo ndiyo yanayoonekana yakielea kama utando wa rangirangi nyuma ya mtumbwi. Ni kwa sababu ya moshi na upotevu huo kwamba kanuni za Marekani na Ulaya zimeziondoa injini mpya za aina hiyo kwenye masoko yao.

Injini ya mipigo minne hutenganisha kazi ya kuingiza mafuta na kutoa moshi. Haichanganyiwi oili, ina oili yake chini, kama gari. Kwa makadirio ya kawaida, injini ya mipigo miwili ikifunguliwa mafuta mpaka mwisho hutumia nusu lita kwa saa kwa kila HP moja. Ya mipigo minne hutumia kati ya theluthi moja na lita 0.4. Kwa lugha ya dumu, HP 40 ya mipigo miwili humeza lita 20 kwa saa, na HP 15 ya mipigo minne humeza lita 5 hadi 6.

Hesabu ya safari moja

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, lakini kila mfanyabiashara anaweza kuweka namba za mwalo wake. Eneo la kuvulia liko kilomita 30. Mtumbwi wenye HP 40 ya mipigo miwili, mafuta yakiwa wazi, unakwenda kilomita 16 kwa saa. Unatumia chini kidogo ya saa mbili na lita 37.5. Kwenda na kurudi ni lita 75.

Mtumbwi huohuo ukifungwa HP 15 ya mipigo minne, unakwenda kilomita 11 kwa saa. Unatumia saa mbili na dakika 44, na lita 15. Kwenda na kurudi ni lita 30. Tofauti ni lita 45 kwa safari, na gharama yake ni kuchelewa dakika 51 kila upande.

Ikiwa lita moja inachukuliwa kuwa Sh3,000 za Tanzania ili kurahisisha hesabu, akiba ni Sh135,000 kwa usiku mmoja. Kwa usiku 20 wa giza katika mwezi ni Sh2.7 milioni. Ni kweli kwamba manahodha wengi hawafungui mafuta mpaka mwisho njia nzima, kwa hiyo akiba halisi itakuwa ndogo. Hata ikiwa nusu, bado ni zaidi ya Sh1.3 milioni kwa mwezi kwa mtumbwi mmoja.

Kuna jambo katika hesabu hiyo ambalo hupita bila kuonekana. Mwenye mtumbwi angechukua HP 15 ya mipigo miwili ileile ya kizamani, angetumia lita 41 kwa safari. Maana yake ni kwamba katika lita 45 zilizookolewa, lita 34 zinatokana na kupunguza nguvu na mwendo. Lita 11 tu ndizo zinazotokana na kubadili aina ya injini. Robo tatu ya akiba haiko kwenye teknolojia mpya. Iko kwenye uamuzi wa kutolazimisha mtumbwi.

Hilo linampa mfanyabiashara nafasi ya kujaribu kabla ya kununua chochote. Kwa wiki moja, nahodha apunguze mafuta hadi mtumbwi uache kuinua omo, na petroli ipimwe kwa dumu lenye alama kabla na baada ya safari. Injini kubwa ya kabureta haifanyi kazi vizuri sana ikiendeshwa taratibu, kwa hiyo akiba yote haitaonekana. Lakini ikionekana nusu yake, jibu la injini ipi inunuliwe litakuwa limeshaanza kujitokeza.

Oili nayo iingizwe kwenye daftari. Kwa mchanganyiko wa petroli 50 kwa oili moja, safari ya lita 75 inahitaji lita moja na nusu ya oili, yaani lita 30 kwa safari 20. Injini ndogo ya mipigo minne hubadilishwa oili kila baada ya saa 100 hivi, na kwa kazi ya mfano huu hiyo ni takriban mara moja kwa mwezi. Oili yenyewe haifiki lita mbili. Ila mabadiliko hayo si ya hiari. Injini ya mipigo minne iliyosahauliwa oili hufa, na kufufuka kwake ni ghali kuliko ile ya zamani.

Pangaboi na urefu wa mguu

Injini ndogo ikifungwa pangaboi lisilofaa, akiba yote hupotea na wavuvi watasema HP 15 haina nguvu. Injini nyingi huuzwa na pangaboi la boti nyepesi, lenye mapanga yaliyolala kwa ajili ya mwendo mkali. Mtumbwi mzito unahitaji pangaboi pana lenye hatua fupi, sawa na gari la mzigo linavyohitaji gia ndogo kupanda mlima. Baadhi ya watengenezaji wana matoleo ya injini ndogo yaliyoundwa kusukuma mzigo, na inafaa kuyaulizia dukani.

Kipimo ni rahisi. Mtumbwi ukiwa na mzigo wake wa kawaida, mafuta yafunguliwe mpaka mwisho na mizunguko ya injini ipimwe. Injini nyingi ndogo za mipigo minne zinatakiwa kufika kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika. Kiwango kamili kiko kwenye kitabu cha injini. Ikiishia chini ya hapo, pangaboi ni zito. Kupunguza hatua yake kwa inchi moja huongeza takriban mizunguko 200. Injini inayofanya kazi chini ya mizunguko yake hula mafuta, hujaa masizi na huchoka mapema.

Urefu wa mguu nao huwaponza wanaonunua mbali na nyumbani. Kuna mguu mfupi wa inchi 15 na mrefu wa inchi 20. Kabla ya kuvuka mpaka, kimo cha ubao wa tezi kipimwe kutoka ukingo wa juu hadi chini kabisa ya mtumbwi. Bamba lililo juu ya pangaboi linapaswa kuwa usawa wa kitako cha mtumbwi au sentimita mbili tatu chini yake. Mguu mrefu kupita kiasi unaburuza maji na kula petroli. Mfupi unavuta hewa, na pangaboi linazunguka bure kila wimbi linapopita.

Mtumbwi kwanza

Mitumbwi mingi inaweza kupunguza mafuta kabla hata ya injini kubadilishwa. Maji yanayoachwa ndani ni mzigo usio na bei sokoni: lita 100 zina uzito wa kilo 100, na kila safari hubebwa kwa petroli. Ukoka na utelezi wa kijani chini ya mtumbwi huongeza msuguano. Kuuvuta nchi kavu siku za mbalamwezi, kuusugua, kuukausha na kuupiga kalafati ni kazi ya vibarua wachache, na mbao zilizokauka zinakuwa nyepesi.

Ubao wa tezi ndio wa kukaguliwa kwa makini zaidi. Kwenye mtumbwi wa zamani misumari huwa imeliwa na kutu na ubao umeanza kuoza kwa ndani. Injini kubwa huutikisa kila siku mpaka unaachia, na zipo injini zilizozama kwa namna hiyo. Hapo injini ndogo ina faida nyingine, ingawa ya mipigo minne huzidi ya mipigo miwili yenye HP sawa kwa kilo 10 au zaidi.

Uzito huo una maana pia kwa usalama. Katika mialo ambako wizi wa injini ni tishio, injini hufunguliwa na kubebwa begani hadi nyumbani kila siku. Ya mipigo minne ni nzito zaidi kubeba, na ikilazwa upande usioruhusiwa oili huingia kwenye silinda. Anayeibeba lazima afundishwe, la sivyo injini itaharibikia nyumbani badala ya ziwani.

Pale HP 15 isipotosha

Si kila chombo kinafaa kupunguziwa nguvu. Boti inayokusanya sangara visiwani na kuwapeleka kiwandani inashindana na barafu. Samaki akilegea, daraja linashuka na bei inashuka nalo, na mafuta yaliyookolewa hayatafidia. Chombo kama hicho, hasa kikiwa kirefu na chepesi, kinaweza kuhitaji HP 25 au 40, na hapo ndipo mipigo minne inapolipa haraka kwa sababu saa za kazi ni nyingi.

Kuna pia suala la dhoruba. Ziwa Victoria huua watu kila mwaka, na nahodha anayetaka nguvu ya akiba ya kumtoa kwenye upepo hapaswi kudharauliwa. Njia iliyo sahihi ni kuchagua injini inayousukuma mtumbwi kwa mwendo wa kawaida ikiwa imefunguliwa robo tatu, si mpaka mwisho. Kwa mtumbwi wa tani tatu unaokwenda mbali, hiyo inaweza kumaanisha HP 20 au 25 badala ya 15. Lakini nguvu ya akiba ni ya siku ya hatari. Ikitumika kila siku, inakuwa gharama ya kila siku.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Bei za injini hutofautiana kati ya Mwanza, Kisumu na Kampala, na wafanyabiashara wa mpakani ni wepesi kuona tofauti hiyo. Hata hivyo, kuna tofauti ya kisheria inayosahaulika. Gunia la dagaa waliovuliwa na kukaushwa katika nchi mwanachama linaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa thamani ya mzigo haizidi Dola 2,000 za Marekani. Injini iliyotengenezwa Japani au China haiwi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Kampala. Cheti kile hakiihusu, hata kama bei yake iko chini ya Dola 2,000.

Vilevile, ushuru na kodi zilizolipwa katika nchi ya kwanza hazimalizi deni katika nchi ya pili. Himaya moja ya forodha, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, inalenga kodi iende katika nchi ambako bidhaa itatumika. VAT ni asilimia 18 Tanzania na Uganda, na 16 Kenya, na kila nchi ina misamaha yake kwa zana za uvuvi. Kabla ya kulipa, mfanyabiashara amuulize wakala wa forodha kuhusu namba 8407.21, ambayo ndiyo ya injini za kupachika, na apate jibu la nchi anakoipeleka.

Risiti si karatasi ya kutupa. Tanzania inatumia mashine za EFD, Kenya mfumo wa eTIMS na Uganda EFRIS. Risiti ya mfumo huo, yenye namba ya injini, ndiyo inayothibitisha umiliki pale chombo kinaposhikiliwa na doria karibu na mpaka wa majini. Injini huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushikiliwa, na isiyo na karatasi ni ngumu kuirudisha.

Kwa injini iliyotumika, tahadhari ni mbili. Injini iliyotoka baharini inaweza kung'aa kwa nje huku njia zake za maji zikiwa zimeliwa na chumvi. Na chapa isiyo na wakala katika ukanda huu ni mtego: Evinrude, jina lililokuwa kubwa, liliachwa kutengenezwa mwaka 2020, na anayeuziwa moja kwa bei ya kutupwa atahangaika kutafuta spea. Swali la kwanza dukani lisiwe bei ya injini. Liwe bei ya impela, plagi na chujio la mafuta, na ni wapi zinapatikana upande ule wa ziwa ambako injini itafanya kazi. Waranti ya wakala wa Uganda haimsaidii mvuvi wa Goziba ikiwa fundi anayeitambua yuko Kampala.

Mafuta yenyewe pia yana neno. Petroli ya visiwani husafiri kwa madumu, na uchakachuaji kwa mafuta ya taa haujaisha. Injini ya mipigo miwili huvumilia kiasi. Ya mipigo minne, hasa yenye mfumo wa umeme wa kupuliza mafuta, hukataa. Anayebadili injini abadili na mahali anaponunua mafuta, na aweke chujio linalotenganisha maji kati ya tangi na injini.

Kinachobaki kwa serikali

Upande wa Kenya, kampuni changa zimeanza kukodisha injini za umeme zenye betri kwa wavuvi wa ziwa hili. Zinafaa kwa safari fupi na mialo iliyo karibu na umeme, na utaratibu wa kukodi unamwondolea mvuvi mzigo wa bei ya kununua. Kwa safari ya kilomita 30 kila upande, petroli bado itakuwapo kwa muda.

Kwa hiyo hatua za karibu ni za kawaida zaidi. Tanzania imekuwa ikitoa boti kwa mkopo kwa wavuvi, na programu za aina hiyo zikipima injini kulingana na uzito wa chombo, zitaokoa fedha za umma na za mkopaji. Vyuo kama kile cha uvuvi cha Nyegezi, Mwanza, vinaweza kufundisha mafundi wa injini za mipigo minne. LVFO, ambayo tayari inahesabu injini, inaweza kuzisukuma nchi tatu zikubaliane kuhusu karatasi moja ya umiliki inayotambulika pande zote za ziwa.

Mfanyabiashara hana haja ya kusubiri hayo. Anayetanguliza mafuta ana haki ya kuuliza mtumbwi una uzito gani, injini ni HP ngapi, pangaboi ni la aina gani na lita ngapi zilichomwa safari iliyopita. Wakati wa kukubaliana malipo ya dagaa, masharti hayo yanaweza kuingizwa kwenye makubaliano kama bei ya gunia inavyoingizwa. Mwenye mtumbwi anayepima mafuta yake atapata fedha za kutanguliziwa kwa urahisi zaidi, na anayekataa kupima atajulikana kabla ya EWURA na EPRA kutangaza bei ya mwezi ujao.